Haramia wa kike: Jinsi vitabu pendwa vilivyomvua na kumvika kwa karne nyingi

NI wahusika wachache katika fasihi pendwa ya ulimwengu waliovuliwa na kuvikwa nguo mara nyingi kama mwanamke haramia wa baharini. Vipo vitabu vilivyomvika suruali ili kumficha, vipo vilivyompasua shati ili kumfichua, na vipo vilivyomrejesha katika gauni la harusi kabla ya ukurasa wa mwisho.

Kila kizazi kimemtumia kujibu swali lake chenyewe: je, mwanamke akiondoka nyumbani na kushika upanga, huwa nani? Na aghalabu jibu limetolewa na mtu mwingine, wala si yeye.

Kwa msomaji wa Kenya, neno haramia lilipata uzito mpya kati ya mwaka 2008 na 2012, meli zilipokuwa zikitekwa nje ya pwani ya Somalia na washukiwa kadhaa kufikishwa katika mahakama za Mombasa. Wakati huo uharamia ulijulikana jinsi ulivyo: kazi ya silaha, hofu na fidia. Katika vitabu pendwa, hasa vinavyowahusu wanawake, harufu hiyo ya baruti huwa imefunikwa kwa marashi.

Ili kufahamu jinsi marashi hayo yalivyoingia, hapana budi kulinganisha mambo mawili: yaliyosemwa mahakamani na yaliyouzwa madukani.

Waliyoyasema mashahidi

Mfano ulio wazi zaidi ni ule wa Anne Bonny na Mary Read, ambao majina yao hayakosi kutajwa karibu katika kila kitabu kinachohusu uharamia wa bahari ya Karibi.

Mnamo Agosti 1720, genge lililoongozwa na John Rackham liliiba mashua ya matanga katika bandari ya Nassau, visiwa vya Bahama. Septemba 5, gavana wa visiwa hivyo, Woodes Rogers, alitoa tangazo la kulisaka genge hilo. Katika orodha ya waliotakiwa, aliwataja wanawake hao wawili kwa majina. Mwezi uliofuata tangazo hilo lilichapishwa gazetini mjini Boston.

Genge lilinaswa mwezi huo wa Oktoba karibu na ncha ya magharibi ya Jamaica. Rackham alinyongwa Novemba 18. Siku kumi baadaye, Bonny na Read walisimama kizimbani katika mji wa Spanish Town, mbele ya mahakama iliyoongozwa na Gavana Nicholas Lawes.

Kumbukumbu za kesi hiyo zilichapishwa nchini Jamaica mwaka 1721. Miongoni mwa mashahidi alikuwa mwanamke kwa jina Dorothy Thomas. Alisema kwa kiapo kwamba alikuwa katika mtumbwi uliobeba vyakula, upande wa kaskazini wa kisiwa, genge hilo lilipomkamata na kumpora.

Alieleza kwamba wanawake wale wawili walivaa jaketi za kiume na suruali ndefu, wakajifunga vitambaa vichwani, na kila mmoja alishika panga na bastola. Alitambua kuwa ni wanawake kwa maumbile ya vifua vyao. Aliongeza kwamba waliwatolea wenzao matusi na kuwahimiza wamuue, ili asije akawa shahidi dhidi yao.

Wafaransa wawili waliopata kushikwa na genge hilo nao walitoa ushahidi. Walisema kwamba Bonny aliwapa wanaume baruti wakati wa mapambano, na kwamba wanawake hao walivaa nguo za kiume walipokuwa wakifukuza chombo au kukishambulia. Nyakati nyingine walivaa nguo za kike. Tena walikuwamo chomboni kwa hiari yao.

Kutokana na ushahidi huo, mambo matatu yanabainika. Hapakuwa na siri kuhusu jinsia yao. Hapakuwa na aliyewalazimisha. Na suruali ilikuwa vazi la kazi, kama vile fundi wa magari avaavyo ovaroli asubuhi na kuivua jioni.

Wote wawili walihukumiwa kunyongwa. Baada ya hukumu kusomwa walisema ni waja wazito, na kwa kuwa sheria ya Kiingereza haikuruhusu kumnyonga mjamzito, adhabu iliahirishwa ili wapimwe. Read alifariki mwaka 1721 akiwa mfungwa. Kuhusu Bonny, hakuna kumbukumbu inayoonyesha kwamba aliwahi kunyongwa.

Kitabu cha 1724

Miaka minne baada ya kesi, kitabu kiitwacho A General History of the Pyrates kilichapishwa mjini London. Mwandishi alijiita Kapteni Charles Johnson, jina ambalo wataalamu wengi hulichukulia kuwa la bandia. Mchapishaji alijua vyema kilichokuwa na soko: matendo ya Read na Bonny yalitangazwa kwenye ukurasa wa kwanza wa jina la kitabu.

Johnson aliwapa wanawake hao kile ambacho mahakama haikuwapa, yaani utoto. Kulingana naye, Read alilelewa kama mvulana ili mamake apate msaada wa fedha kutoka kwa bibi wa mtoto. Baadaye akawa askari wa miguu Flanders, akampenda askari mwenzake, wakaoana na kufungua mkahawa. Mume alipofariki, Read alirudia nguo za kiume na kwenda baharini.

Kisha Johnson akasimulia kwamba Bonny alivutiwa na baharia mmoja kijana, kumbe kijana huyo alikuwa Read. Rackham akashikwa na wivu, mpaka siri ikabidi kufichuliwa.

Ni kisa kitamu, lakini ni vigumu kukioanisha na tangazo la Septemba 5. Mashua ilikuwa imeibwa wiki mbili tu zilizotangulia. Siri gani hiyo iliyokwisha kumfikia gavana na kupigwa chapa magazetini?

Johnson mwenyewe alihisi kwamba wasomaji wake wangetilia shaka. Alikiri kwamba visa vya wanawake hao vilikuwa vya ajabu kiasi cha mtu kudhani ni hadithi ya kubuni. Hata hivyo, alijitetea kwa kukumbusha kwamba kesi yao ilisikizwa hadharani. Hapo ndipo palipo na ujanja wa kitabu chenyewe: kesi ilikuwa ya kweli, na ukweli huo ukatumiwa kuubeba utoto, mapenzi na mazungumzo ambayo hakuna shahidi aliyeyatolea kiapo.

Yale maneno makali ambayo Bonny anadaiwa kumwambia Rackham kabla hajanyongwa, akimsuta kwa kutopigana kiume, ni mfano mwingine. Yamekaririwa katika vitabu visivyohesabika. Chanzo chake ni Johnson, si kumbukumbu za mahakama.

Ladha ya wasomaji wa wakati huo ilichangia. Nyimbo zilizouzwa mitaani zilimsifu msichana aliyevaa kiume akamfuata mpenzi wake vitani. Mwaka 1722, Daniel Defoe alikuwa ametoa Moll Flanders, riwaya ya mwanamke mwizi anayejisimulia maisha yake. Kitabu cha Johnson kiliingia katika mkondo uliokuwa tayari ukitiririka.

Michoro nayo ilisema mengi. Katika toleo la London, Read na Bonny walichorwa wakiwa wamevaa suruali na jaketi, silaha mkononi. Katika toleo la Kiholanzi la mwaka 1725, vifua vyao viliachwa wazi. Ushahidi ulikuwa ule ule. Kilichobadilika ni mnunuzi aliyelengwa.

Wahenga walisema kwamba msema pweke hakosi. Read alikuwa kaburini, Bonny hakuandika neno, na Johnson akawa msemaji wao kwa karne tatu zilizofuata.

Mizizi mirefu

Si haki, hata hivyo, kumtwika Johnson lawama zote. Desturi ya kumsemea mwanamke haramia ilikuwapo kabla yake.

Mwanahistoria Mgiriki Polybius, aliyeandika katika karne ya pili kabla ya Kristo, ndiye aliyetuachia habari za Malkia Teuta wa Illyria, nchi iliyokuwa kwenye pwani ya mashariki ya bahari ya Adriatiki. Teuta alitawala baada ya kifo cha mumewe, Agron, na meli za watu wake zikawa tishio kwa wafanyabiashara wa Italia. Warumi walipotuma wajumbe kulalamika, aliwajibu kwamba haikuwa desturi ya wafalme wa Illyria kuwazuia raia kujipatia ngawira baharini. Mmoja wa wajumbe hao aliuawa, na mwaka 229 kabla ya Kristo Roma ikatangaza vita.

Polybius alieleza maamuzi ya Teuta kuwa ni matokeo ya ufupi wa mawazo wa kike. Mfalme wa kiume aliyefanya kama hayo angeitwa mkaidi au mchokozi. Teuta aliitwa mwanamke, na hilo likahesabiwa kuwa maelezo ya kutosha.

Mnamo mwaka wa 1200 hivi, Saxo Grammaticus wa Denmark aliandika kwa Kilatini kuhusu binti mfalme Alfhild, ambaye hadithi yake ni ya ngano zaidi kuliko historia. Alfhild alimkimbia mchumba wake, Alf, akavaa kiume na kuwa haramia akiwa na kundi la wasichana wenzake. Alf alimfuata hadi pwani ya Finland. Katika vita, kofia ya chuma ya Alfhild iliangushwa na uso wake ukaonekana. Alf akamtwaa, akamtaka avae tena nguo za kike, wakaoana na kupata binti.

Kofia kuanguka, uso kuonekana, gauni, ndoa. Mpango huo wa hatua nne ungetumiwa na waandishi kwa zaidi ya miaka 700 baadaye.

Bei nafuu, wasomaji wengi

Karne ya 19 ilileta mitambo ya uchapishaji wa haraka na vitabu vya bei nafuu. Nchini Marekani, Charles Ellms alitoa The Pirates Own Book mwaka 1837, mkusanyo wa visa vya maharamia wenye picha nyingi. Humo Read na Bonny walikaa pamoja na Alfhild, aliyeandikwa kama Alwilda. Mwanamke aliyefikishwa mahakamani na mwanamke wa ngano wakawekwa katika kapu moja, na msomaji wa kawaida hakuwa na njia ya kuwatenganisha.

Katikati ya miaka ya 1840, Maturin Murray Ballou wa Boston aliandika riwaya ya Fanny Campbell, nahodha haramia wa kike. Fanny, msichana wa Massachusetts, anakata nywele zake, anavaa koti la buluu la baharia na kwenda kumwokoa mchumba wake aliyefungwa Cuba. Njiani anaongoza maasi dhidi ya nahodha wake na kuchukua usukani. Akiisha kumpata mchumba, anarudi nyumbani na kuolewa.

Uharamia wake haukuwa na doa. Alikuwa mwizi kwa jina tu, na kila alilolitenda lilihalalishwa na mapenzi. Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani: msomaji wa kiume angeweza kulala bila wasiwasi, kwa kuwa mwishowe nahodha alivua koti.

Lakini kitabu kikishatoka mikononi mwa mwandishi, msomaji naye huwa na lake. Miongoni mwa walioisoma riwaya hiyo ni Sarah Emma Edmonds, msichana wa shambani aliyezaliwa mwaka 1841 katika jimbo la New Brunswick, Kanada. Alikuja kusimulia kwamba alipofika mahali Fanny anapokata nywele na kuvaa koti la buluu, alirusha juu kofia yake ya majani na kupiga kelele za furaha.

Edmonds hakusubiri mchumba wa kuokoa. Alitoroka nyumbani, na mwaka 1861 akajiunga na jeshi la majimbo ya Kaskazini katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, akiitwa Franklin Thompson. Mwaka 1884, serikali ya Marekani ilimtambua kuwa askari na kumpa malipo ya uzeeni.

Kwa hivyo, swali la jinsi vitabu pendwa vinavyowasawiri wanawake si la wahakiki wa vyuo vikuu pekee. Riwaya dhaifu, iliyoandikwa kwa haraka ili iuzwe, ilimwonyesha msichana mmoja mlango. Mwandishi aliufunga mlango huo katika sura ya mwisho. Msomaji akauacha wazi.

Kisiwa bila wanawake

Kitabu kilichoiunda taswira ya haramia inayojulikana leo kote ulimwenguni, pamoja na ramani ya hazina na kasuku begani, kilitoka mwaka 1883. Ni Treasure Island cha Robert Louis Stevenson. Wasomaji wa Afrika Mashariki walikipata kwa Kiswahili mwaka 1929 kwa jina Kisiwa Chenye Hazina.

Stevenson alikianza kwa ajili ya mwana wa mkewe, na kwa kuheshimu matakwa ya kijana huyo, wanawake waliachwa nje. Mama wa mhusika mkuu, Jim Hawkins, huonekana mwanzoni kisha hutoweka.

Hata hivyo, yupo mwanamke mwingine ambaye wasomaji wengi humpita bila kumwona. Ni mke wa Long John Silver, mwanamke mweusi asiyepewa jina. Haonekani kamwe, lakini barua moja yatudokezea kwamba yeye ndiye aliyebaki kuendesha nyumba ya wageni mjini Bristol. Silver anapoanza safari, mkewe anauza mali na kwenda na fedha mahali walipokubaliana kukutana.

Kwa maneno mengine, katika kitabu mashuhuri kuliko vyote kuhusu uharamia, anayeshika hazina halisi ya haramia mkuu ni mwanamke, tena hana jina wala sauti. Vizazi vya wanafunzi vilifunga kitabu hicho vikiamini kwamba bahari ile ilikuwa ya wanaume peke yao.

Mjane wa Guangdong

Wakati vitabu vya Ulaya vikimwondoa mwanamke chomboni, China ilikuwa na kumbukumbu ya mwanamke aliyeongoza maharamia wengi kuliko wote waliotajwa hapa.

Anajulikana kama Zheng Yi Sao, maana yake mke wa Zheng Yi. Mumewe aliunganisha makundi ya maharamia wa pwani ya Guangdong kuwa shirikisho la mamia ya majahazi na makumi ya maelfu ya watu. Zheng Yi alipofariki mwaka 1807, mjane alishika uongozi akisaidiana na Zhang Bao, kijana ambaye Zheng Yi alikuwa amemfanya mwanawe wa kupanga, na ambaye baadaye alikuja kuwa mumewe.

Mnamo Aprili 1810, akiongozana na wanawake na watoto, alikwenda Canton bila silaha kukutana na gavana mkuu, Bai Ling, na kujadiliana naye masharti ya kujisalimisha. Zaidi ya maharamia 17,000 walijisalimisha. Zhang Bao alipewa cheo katika jeshi la serikali, na mjane akaishi hadi mwaka 1844.

Mwandishi wa Kichina Yuan Yonglun alichapisha habari za maharamia hao mwaka 1830, na mwaka uliofuata Karl Friedrich Neumann akatoa tafsiri ya Kiingereza. Tangu hapo mjane huyo amepita mikononi mwa waandishi wengi wa Magharibi. Mwingereza Philip Gosse alimtia katika historia yake ya uharamia ya mwaka 1932, na Jorge Luis Borges wa Argentina akamfanyia hadithi fupi mwaka 1935.

Katika safari hiyo, hadithi ilibadilika. Kanuni kali za nidhamu za maharamia hao, ambazo Yuan alizihusisha na Zhang Bao, zilihamishwa polepole hadi zikawa za mjane peke yake. Dian Murray, mwanahistoria wa Marekani aliyerejea kumbukumbu za Kichina, alichapisha utafiti wake mwaka 1987 na kuonyesha sura iliyo ya kawaida zaidi na ya kushangaza zaidi. Mjane alitawala kwa akili ya siasa, kwa ndoa, kwa undugu na kwa kujua wakati wa kuacha.

Wakati huo huo, vichekesho vya magazeti vya Marekani vilikuwa vimemzaa dada yake wa bandia. Katika Terry and the Pirates, vilivyoanza mwaka 1934, alitokea haramia wa Kichina aliyeitwa Dragon Lady, mrembo, mwerevu na msaliti. Mjane aliyejua hesabu na mapatano alimezwa na mwanamke wa kuogopwa na kutamaniwa kwa pamoja.

Mapenzi na wasifu wa kubuni

Mwaka 1941, Ulaya ikiwa vitani, Daphne du Maurier wa Uingereza alitoa Frenchman's Creek. Dona, mke wa bwana tajiri katika karne ya 17, anachoshwa na maisha ya London, anakwenda Cornwall na kukutana na haramia Mfaransa. Anavaa kama mvulana wa chomboni na kushiriki katika wizi wa meli.

Riwaya hii iliandikwa na mwanamke, na kiu ya Dona ya uhuru ni ya kweli kwa kila aliyewahi kufungiwa. Lakini mwishowe Dona anawarudia watoto na mumewe. Uharamia ulikuwa likizo.

Mwaka 1964, John Carlova alichapisha Mistress of the Seas kuhusu maisha ya Anne Bonny. Kiliuzwa kama wasifu, huku kikijaa mazungumzo na maelezo ambayo hayamo katika kumbukumbu za kesi wala kwa Johnson. Baadhi ya maelezo hayo yalinukuliwa na waandishi waliofuata kana kwamba yalitoka mahakamani.

Usione vyaelea, vimeundwa. Bonny anayejulikana na wasomaji wengi leo ameundwa na mafundi kadhaa, na ubao wa mwaka 1964 umepigwa msumari karibu na ule wa mwaka 1724 hivi kwamba ni vigumu kuona kiungo.

Wanahistoria wanapoingia

Katika miaka ya 1990, watafiti, wengi wao wanawake, walianza kuuliza upya. Jo Stanley wa Uingereza alihariri Bold in Her Breeches mwaka 1995, kitabu ambacho jina lake lenyewe linataja suruali. Mwaka huo huo David Cordingly, aliyewahi kufanya kazi katika makumbusho ya bahari ya Greenwich, alitoa historia ya uharamia iliyolinganisha hadithi na kumbukumbu.

Watafiti wengine waliwafufua wanawake ambao vitabu pendwa viliwasahau. Mwaka 1990, Fatima Mernissi wa Morocco alichapisha kwa Kifaransa kitabu kuhusu malkia wa Kiislamu waliosahauliwa. Humo alimtaja Sayyida al-Hurra, aliyetawala mji wa Tetouan katika nusu ya kwanza ya karne ya 16 na kushirikiana na Barbarossa katika vita vya baharini dhidi ya Wahispania na Wareno.

Msomaji wa Kiswahili atalitambua jina hilo mara moja, kwani hurra na huru ni neno la mzizi mmoja. Habari zake nyingi zinatoka katika hati za Wahispania na Wareno, waliolazimika kujadiliana naye kuhusu kuwakomboa mateka. Waandishi wa upande wake walimtaja kwa uchache.

Ndivyo ilivyokuwa pia kwa Grace O'Malley wa Ireland. Kumbukumbu kuu za Kiayalandi za karne ya 17, zilizoandikwa na watawa na wasomi, hazikumtaja. Waingereza, aliokuwa akiwasumbua, ndio waliohifadhi barua na maswali aliyojibu kabla ya kukutana na Malkia Elizabeth wa Kwanza mwaka 1593. Wasifu ulioandikwa na Anne Chambers mwaka 1979 ulijengwa juu ya hati hizo.

Inatokea, basi, kwamba mwanamke wa aina hii alinyamazishwa na wake kwa aibu, akaandikwa na adui kwa hasira, kisha akauzwa na mwandishi wa riwaya kwa faida.

Sura mpya

Riwaya za karne hii zimejaribu njia tofauti. Katika Pirates! ya Celia Rees, iliyotoka mwaka 2003 kwa ajili ya vijana, binti wa mfanyabiashara wa sukari wa Bristol anatoroka shambani Jamaica pamoja na Minerva, msichana mtumwa. Utumwa, ambao vitabu vya zamani viliufanya mandhari tu, hapa ni sababu ya watu kukimbilia baharini.

Mwaka 2023, Rita Chang-Eppig alimrejea mjane wa Guangdong katika Deep as the Sky, Red as the Sea. Mwaka huo huo Shannon Chakraborty wa Marekani alitoa The Adventures of Amina al-Sirafi, riwaya inayofanyika katika Bahari ya Hindi ya karne ya 12. Amina ni Mwislamu, ni mama, umri umesonga na goti linamuuma. Anaishi karibu na Salalah, Oman, na kazi ya mwisho inampeleka Aden, Mogadishu na Socotra. Cheo chake chomboni ni neno lile lile ambalo Waswahili huliita nahodha.

Amina ni wa kubuni na vituko vyake vina majini na uchawi. Hata hivyo ana kitu ambacho Fanny Campbell hakuwa nacho: watoto na bahari havimlazimishi kuchagua kimoja na kukizika kingine.

Aliyesahauliwa mtumbwini

Hatari ya sasa ni ya upande wa pili. Baada ya karne nyingi za kumfanya kichaa, kahaba au bi harusi, waandishi wengi wamemgeuza haramia wa kike kuwa shujaa wa ukombozi. Wasichana wanaosoma vitabu hivyo wanastahili mifano ya ujasiri, na kisa cha Edmonds kinaonyesha thamani yake. Lakini uharamia ulikuwa na mtu wa upande wa pili wa bastola.

Katika kesi ya Spanish Town, mtu huyo alikuwa Dorothy Thomas. Bonny na Read walikana mashtaka, lakini simulizi zao wenyewe hazikuhifadhiwa. Thomas alisimama, akaapa, akaeleza alichokiona, na maneno yake yakaandikwa. Anachotoa si picha ya mashujaa wala ya wapenzi. Ni picha ya wanawake wawili walioshika mapanga na kutaka mwanamke wa tatu auawe kwa sababu angeweza kusema.

Vitabu vingi pendwa vinavyomtaja humchukua kwa jambo moja tu, maneno yake kuhusu vifua, kisha humwacha. Vyakula alivyoporwa havitajwi, wala hofu yake. Ilhali bila yeye, hata zile suruali zisingejulikana.

Read na Bonny wamepata riwaya, michoro na nyimbo kwa miaka 300. Thomas alipata nafasi ya aya chache katika kumbukumbu za mahakama za mwaka 1721, na mahali hapo ndipo msomaji anayetaka kujua uharamia ulikuwa nini hana budi kuanzia.